Miraba Isiyolingana, Blanketi Moja: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Kibanda chetu cha ushonaji kiko Moshi, mwendo mfupi kutoka soko la Mbuyuni. Tangu tutundike blanketi la viraka mlangoni, kila siku mtu husimama akalishika, akaligeuza nyuma, kisha akasema: "Mimi nina kiroba kizima cha vipande nyumbani." Kuna mwenye mabaki ya sare za harusi, kuna aliyeanza foronya za mto akaishia miraba minane, kuna aliyerithi. Maswali yao yanakaribiana sana, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa.

Ninaposema mraba, nina maana ya kipande cha pembe nne ambacho tayari kimeshonwa kwa vipande vidogo. Blanketi la viraka ndilo lile ambalo kamusi hulitaja kwa jina la mfarishi: matabaka matatu, yaani uso, ujazo wa katikati na mgongo, yaliyoshonwa yakawa kitu kimoja.

Miraba yangu hailingani hata ukubwa. Mmoja una inchi 8, mwingine 9 na nusu, mwingine karibu 12. Nianzie wapi?

Anza kwa kuipiga pasi yote, kisha uipime. Usikisie kwa macho. Shika futi kamba, pima upana na urefu wa kila mraba, andika kipimo kwenye kikaratasi ukibane kwa pini. Miraba uliyodhani ni mapacha utakuta inapishana nusu inchi, na ule uliodhani umeharibika utakuta umenyooka kuliko wenzake.

Kisha amua kipimo kimoja ambacho miraba yote itafikishwa. Wengi hukimbilia kukata mikubwa ili ishuke kwa midogo. Sipendi njia hiyo. Ukikata unapoteza ncha za nyota na pembe za pembetatu, na mshono uliokatwa katikati huanza kufumuka wenyewe. Afadhali uikuze midogo kwa kuizungushia fremu ya kitambaa kingine.

Tuseme umeamua kila mraba uwe na inchi 12 na nusu kabla ya kuunganishwa. Ukishashonwa utabaki na 12, kwa sababu mshono unakula robo inchi kila upande. Mkononi una mraba wa inchi 9 na nusu. Pengo ni inchi 3. Ligawe mara mbili, unapata moja na nusu. Ongeza nusu inchi ya mishono, unapata 2. Basi kata vipande vya upana wa inchi 2: viwili vya urefu wa 9 na nusu, uvishone kushoto na kulia, piga pasi, halafu viwili vya urefu wa 12 na nusu, uvishone juu na chini. Kama huiamini hesabu yako, kata fremu pana kidogo kuliko inavyotakiwa, shona, kisha punguza kingo zote zifike 12 na nusu. Njia hii ina faida nyingine: mraba wa ndani ukiwa umepinda, fremu inaukubali hivyohivyo na pembe za nje zinatoka zimenyooka.

Kwa nini robo inchi? Mimi fundi wa nguo nimezoea mshono mkubwa.

Kwenye gauni tunaacha kitambaa cha kutosha ndani ili liweze kuongezwa baadaye. Blanketi haliongezwi, na mishono minene ikirundikana kwenye pembe inakuwa kama kokoto mgongoni mwa anayelala. Robo inchi inatosha, ila iwe robo ileile kuanzia mraba wa kwanza hadi wa mwisho. Safu ya miraba saba ina mishono sita. Ukizidisha nusu ya robo kwenye kila mshono, pande mbili, safu inapungua inchi moja na nusu, na haitakutana na mwenzake hata uivute vipi.

Bandika kipande cha selotepu juu ya bamba la cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano. Ukingo wa kitambaa ufuate selotepu, na macho yako yakae hapo badala ya kwenye sindano.

Hakuna njia ya kukwepa hesabu zote hizo?

Ipo, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Acha kufikiria safu za kulala, fikiria nguzo za kusimama. Unachagua upana wa nguzo, labda inchi 12 na nusu, unaiongezea miraba yako vipande vya kushoto na kulia mpaka ifikie upana huo. Urefu wake usiuguse. Mmoja uwe mfupi, mwingine mrefu. Unganisha juu na chini mpaka nguzo nzima ifikie urefu wa blanketi, na ya mwisho ikipungua unaijazia ukanda wa kitenge. Ukisimamisha nguzo tano pamoja, hakuna pembe inayolazimika kukutana na pembe nyingine, kwa hiyo hakuna kosa la kuonekana. Blanketi linakuwa kama ukuta wa mawe uliojengwa na fundi anayejua kazi yake: kila jiwe na umbo lake, ukuta umesimama wima.

Rangi zinagombana. Kuna miraba ya vitenge vya machungwa, mingine ya sare za shule, mingine ya maua madogo ya pinki. Nifanyeje?

Vitenge vina kelele, na hilo ndilo jambo tunalovipendea. Tatizo huja pale kitenge kinapogusana na kitenge, macho yakakosa mahali pa kutua. Vipe nafasi ya kupumua. Tafuta kitambaa kimoja kisicho na maua, ukitumie kwenye fremu zote na kwenye njia kati ya miraba. Ile pamba nyeupe isiyopaushwa ambayo wazee wanaiita marekani inafaa sana. Jina lake ni historia: katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakiishusha Zanzibar, na kutoka pwani misafara ikaipandisha bara. Kaniki nayo inafanya kazi hiyohiyo kwa upande wa giza, na machungwa kando ya kaniki yanawaka kama makaa.

Jambo la pili ni kurudia. Rangi inayotokea mara moja inaonekana imepotea njia. Ikitokea mara tatu, mbalimbali, inaonekana imealikwa. Kama una mraba mmoja tu wa zambarau, tia ukanda wa zambarau kwenye fremu mbili za kona nyingine.

Halafu tandaza yote chini kabla ya kushona. Panda juu ya stuli uangalie, au piga picha kwa simu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Picha itakuonyesha papo hapo kama weusi wote umelundikana upande mmoja. Acha hivyo usiku kucha kama watoto wataruhusu. Asubuhi mkono wako utakwenda wenyewe kwenye mraba uliokaa vibaya.

Naweza kuchanganya kitenge, tetroni, jinzi na satini?

Pamba na tetroni vinaelewana. Jinzi inakubalika ikiwa nyembamba, na uibadilishie cherehani sindano. Satini, shifoni na vitambaa vya jezi vinavyovutika vinasumbua. Ukivipenda sana, vibandike gamu nyuma, ile tunayoweka kwenye kola, ndipo uvikate.

Vitenge vingi sokoni siku hizi si pamba tupu, na muuzaji hana budi kusifia mali yake. Jaribu mwenyewe: chomoa nyuzi chache za ukingoni, ziwashe juu ya kisahani. Pamba inanuka kama karatasi iliyoungua na majivu yake yanasagika kwa vidole. Polista inayeyuka, inanywea na kuacha kishanga kigumu cheusi. Polista si haramu, ila usiipige pasi ya moto wa pamba, na kwa mtoto mchanga mimi nachagua pamba.

Nifue miraba kwanza?

Kitambaa ambacho hakijakatwa, ndiyo, kifue. Mraba uliokwisha kushonwa usiufue peke yake, kingo zake zitachanika nyuzi. Ufanyie jaribio: lowanisha kitambaa cheupe, kisugue juu ya kila rangi kali, hasa nyekundu, bluu ya giza na nyeusi. Kikitoka cheupe, endelea.

Ninasisitiza hili kwa sababu niliumia. Blanketi langu la pili nililishona kwa ajili ya mtoto wa dada yangu, na kati ya miraba ya marekani niliweka kitenge chekundu ambacho sikukijaribu. Lilipofuliwa mara ya kwanza, wekundu ulitambaa kwenye weupe wote kama chai iliyomwagika. Chumvi na siki nilizoshauriwa hazikurudisha kitu. Ikikupata, usilianike. Rangi ikikauka imehamia. Lirudishe likiwa bado bichi kwenye maji mengi ya moto yenye sabuni, liloweke kwa saa kadhaa, mwaga, rudia mpaka maji yawe meupe.

Miraba aliishona mama, sasa ni marehemu. Mishono imelegea. Niifumue nianze upya?

Usiifumue.

Mama mmoja wa Uru alituletea kiroba cha miraba 23 ya mama yake. Ilishonwa kwa mkono, uzi mweusi juu ya kitambaa cheupe, hatua nyingine ndefu, nyingine fupi. Alitaka tufumue tushone kwa cherehani ili ipendeze. Nilimwomba aniachie kwa siku moja. Jioni niliipanga mezani nikakuta mraba ambao kitenge cha kijani kilikuwa kimemwishia marehemu kabla hajaziba kona. Alikuwa ameunga vipande vitatu, kila kimoja hakizidi kidole gumba, maua yakielekea upande uleule, mpaka kona ikatimia. Hakuna cherehani inayoweza kufanya kazi ile. Nilimwonyesha binti yake, akakaa kimya, kisha akasema tuache kila kitu kama kilivyo.

Tulichofanya ni hiki. Kila mraba tuliukatia bitana nyembamba ya pamba ya ukubwa uleule, tukaiweka nyuma, tukapiga bandi, yaani mshono wa hatua ndefu, kuzunguka kingo ili bitana ibebe uzito badala ya uzi wa zamani. Pale palipoachia kabisa tulishona kwa mkono, juu ya matundu yaleyale ya sindano. Baada ya hapo tukaweka fremu kama nilivyoeleza. Mistari ya kuunganisha matabaka matatu tuliipitisha karibu na mishono yake, ili ishikwe pande zote. Uzi mweusi bado unaonekana. Kwa sababu miraba ilikuwa 23 na tulihitaji 24, ule wa mwisho aliushona binti.

Kitanda changu ni nne kwa sita. Nahitaji miraba mingapi?

Kitanda cha futi 4 kwa 6 ni inchi 48 kwa 72. Ukiwa na miraba ya inchi 12 iliyokwisha kushonwa, nguzo tano zinakupa inchi 60 za upana, yaani inchi 6 za kuning'inia kila upande. Safu saba zinakupa 84, yaani inchi 12 za kuning'inia miguuni. Jumla ni miraba 35. Ikiwa unayo 20 tu, usianze kushona mingine kwa haraka. Weka kati yake miraba mitupu ya kitenge au marekani; itakuwa mahali pa macho kupumzika na kazi yako ya zamani itaonekana vizuri zaidi.

Mgongo na utepe wa kuzungushia ninunue kitenge kiasi gani?

Kwa blanketi hilo, mgongo unatakiwa uzidi uso kwa inchi 4 kila upande, hivyo inchi 68 kwa 92. Kitenge kina upana wa kama inchi 45, kwa hiyo unaunga vipande viwili vya inchi 92. Pisi moja ya yadi 6 ni inchi 216. Unatumia 184, na mabaki yanatosha utepe wote. Utepe mimi hukata upana wa inchi 2 na nusu, naukunja katikati kwa pasi, na mzunguko mzima ni inchi 288 pamoja na kama 12 za kukunja pembe na kumalizia. Ukiunganisha vipande vya utepe, unga kwa mshazari, unene hautarundikana mahali pamoja.

Shuka la pamba la mtumba nalo ni mgongo mzuri na halina maungio. Lishike juu ya mwanga kwanza. Mahali palipochakaa pataonekana.

Katikati niweke nini?

Blanketi jembamba kuukuu ndilo jibu langu kwa watu wengi. Limekwisha kufuliwa mara nyingi, halipungui tena, na halihamihami. Kwa Arusha, ambako Juni na Julai baridi inaingia mifupani, blanketi la flaneli zito kidogo. Kwa Moshi chini huku, shuka la flaneli linatosha isipokuwa miezi hiyohiyo, mlima unapojifunika wiki nzima. Shuka la Kimasai ni jepesi na lina joto, ila hakikisha halichuji rangi.

Sufi tuiache kwenye mito. Ikifuliwa inajikusanya mabonge, na pamba isiyofumwa nayo hivyohivyo usipoishona kwa mistari ya karibukaribu.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Itaweza matabaka matatu?

Itaweza, na kwa kweli naiamini kuliko nyingi za umeme, maana mguu wako ndio unaoamua mwendo. Weka sindano mpya namba 16, refusha hatua ya mshono, legeza kidogo skrubu ya juu inayokandamiza kitambaa. Shona mistari iliyonyooka tu.

Kazi kubwa iko kabla ya cherehani. Fagia sakafu, ipige deki, ikauke. Tandaza mgongo uso wake ukiangalia chini, uvute pande zote bila kuutanua, ubandike sakafuni kwa selotepu pana. Juu yake ujazo, juu yake uso. Piga bandi kwa uzi wa rangi nyingine ukianzia katikati kuelekea pembeni, mistari ikiachana shubiri moja. Usianzie pembeni, kwa maana hewa na mikunjo vitakusanyika katikati na havitatoka tena. Watu wawili wakisaidiana hii ni kazi ya asubuhi moja, na magoti yatakukumbusha jioni.

Kama unene unaishinda cherehani, funga mafundo. Sindano nene, uzi imara wa pamba, ishushe sindano kisha uipandishe kwenye kila kona ya mraba na katikati yake, funga fundo mara mbili.

Watu hawatasema nimelala na viraka kwa sababu ya shida?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na huwa nalijibu kwa sauti ya kawaida. Kiraka kwetu kimebeba aibu ya suruali iliyotoboka magotini. Lakini blanketi hili halifichi tundu lolote.

Huko Karnataka, India, wanaishi Wasidi, ambao asili ya mababu zao ni Afrika na wengi wao walipelekwa ng'ambo ya bahari utumwani. Akina mama wao hushona kwa mkono blanketi la nguo kuukuu wanaloliita kawandi. Wanaanza pembeni, wanazunguka kuelekea ndani, na kwenye pembe wanamalizia kwa vipande vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani maua. Na huko Gee's Bend, Alabama, mahali palipozungukwa na mto pande tatu, wanawake weusi, wazao wa watumwa wa mashamba ya pamba, walishona mablanketi kwa jinzi za kazi zilizochakaa. Mwaka 2002 jumba la makumbusho la sanaa la Houston liliyatundika ukutani, na mwaka 2006 posta ya Marekani iliyachapa kwenye stempu. Hakuna aliyeyalinganisha rangi dukani. Walitumia walichokuwa nacho, wakakipanga kwa jicho kali. Ukilitandika blanketi lako kitandani, litandike juu, si chini ya shuka.

Sina miraba ya kutosha. Vipande vya bure napata wapi?

Zunguka kwa mafundi wa barazani, Mbuyuni au Soko Kuu la Arusha, jioni wanapofagia. Peleka mfuko wako, omba kwa adabu, na mara ya pili wapelekee chai.

Linafuliwaje?

Kwa beseni kubwa, maji ya baridi, kukandamiza kwa mikono bila kusugua wala kukamua kwa kusokota. Likilowa ni zito sana. Ukilining'iniza kwenye kamba moja mishono inavutwa mpaka inakatika. Litandaze juu ya kamba mbili au tatu zilizo sambamba, mgongo ukiangalia jua ili uso usipauke. Lifue asubuhi ya siku yenye jua la uhakika, kwa sababu katikati kunachelewa kukauka na unyevu ukilala humo unanuka.

Niandike jina langu?

Andika. Kwenye kona ya nyuma, kwenye kipande cha marekani, tarizi jina lako, la uliyemshonea, mji na mwaka. Lile la Uru lina majina mawili: la mama, na chini yake la binti.